MASWALI YENU: Kisukari cha panya kinatuhusu nini sisi?

Toleo lililopita tuligusia habari za Douglas Coleman, yule mtafiti mzaliwa wa Kanada aliyefanya kazi kwenye maabara ya Jackson, mji wa Bar Harbor, jimbo la Maine kule Marekani, akichunguza kisukari cha kurithi kwa panya. Maswali yamekuja mengi kweli, yanayofanana nimeyaunganisha.

Shikamoo dokta. Mi nina kisukari na marehemu baba alikuwa nacho. Hao panya walilishwa sukari mpaka wakaugua au walizaliwa hivyohivyo? Na walijuaje kama wamerithi? – Msomaji, Morogoro

Marahaba, na pole kwa kuumwa. Walizaliwa hivyo, hakuna aliyewalisha sukari. Ile maabara inafuga panya wa ukoo mmoja, kaka na dada wanazalishana vizazi na vizazi mpaka wanafanana karibu kila kitu ndani ya damu, sasa ukoo ukishakuwa hivyo akitokea mmoja wa ajabu anaonekana mapema. Mwaka 1949 ndo wakaonekana panya wanene kupita kiasi, jeni yao (yale maelekezo ya mwili anayorithi mtoto kwa wazazi) ikapewa herufi ob. Miaka ya 60 wakapatikana wengine, wanene vilevile ila hawa na sukari juu sana, jeni yao ikaitwa db na taarifa ikatoka 1966, Coleman akiwa mmoja wa walioiandika. Hawa wa db hata usiwapime unawajua kwa banda lao, wanakunywa maji wee na kukojoa muda wote, yale matandiko ya chini yanalowa haraka kuliko ya wenzao.

Kuhusu kurithi, walihesabu watoto. Baba na mama wote wazima kwa macho ila kila mmoja kabeba nakala moja ya jeni mbovu, wakizaa, kwa wastani mmoja kati ya wanne anatoka mgonjwa. Hesabu ikirudi hivyohivyo kila mara unajua hapa kuna jeni moja. Cha kwako na marehemu baba usikifananishe na hiki moja kwa moja, kisukari cha ukubwani kwa binadamu kinahusisha jeni nyingi sana, kila moja inasukuma kidogo tu.

Mliandika kwamba aliwaunganisha panya wawili damu. Kwa nini? Na aligundua nini hasa maana mlipita harakaharaka. – Mwanafunzi wa sekondari, Mwanza

Kweli tulipita haraka na hapa ndo penyewe. Coleman alitaka kujua kama kwenye damu kuna kitu kinachosababisha huo unene na hiyo sukari, kwaiyo wakawafanyia upasuaji panya wawili, wakawashona ubavu kwa ubavu, mishipa midogomidogo ikaungana na damu ikawa inapita kidogokidogo toka kwa huyu kwenda kwa yule. Kwanza akamuunganisha mgonjwa wa db na mzima. Ungetegemea labda mzima aanze kuugua kisukari, au mgonjwa apate nafuu. Hakuna hata kimoja! Yule mzima aliacha kula. Chakula kipo mbele yake hali, sukari yake ikashuka, akafa na njaa, na walipompasua tumboni hamna chakula, wakati mwenzake aliyeunganishwa naye anazidi kunenepa.

Hapo Coleman akaona kwamba damu ya mgonjwa imejaa kitu kinachosema "umeshiba, acha kula", mzima anakisikia kwa nguvu mpaka anakufa, ila mgonjwa mwenyewe hakisikii. Akaendelea, akamuunganisha ob na mzima, ob akapunguza kula. Afu akamuunganisha ob na db, na hii ndo ilikata mzizi wa fitina, ob akaacha kula kabisa akafa njaa na db akaendelea kunenepa. Maana yake ob hana kabisa hicho kitu mwilini ila akikipata anakielewa, na db anacho tele ila hana cha kukipokelea. Kwa ob hakuna anayepiga hodi, kwa db hodi zinapigwa kutwa nzima ila ndani hamna wa kuitikia.

Hayo aliyaandika 1973 bila kukiona hicho kitu kwa macho, alifikia kwa kufikiri tu, na mi kila nikisoma nasimama hapo. Na hakuaminiwa na wengi, maana wakati huo hata wataalamu waliona unene ni ulafi na kukosa kujizuia basi. Miaka ikapita mpaka 1994, Jeffrey Friedman na wenzake wa Chuo cha Rockefeller, New York, wakaipata jeni ya ob yenyewe, inatengeneza homoni inayotoka kwenye mafuta ya mwili kwenda ubongoni, wakaiita leptini. Mwaka uliofuata ikapatikana sehemu ya kuipokea, na jeni ya db ikaonekana ndo hiyohiyo. Coleman alikuwa ameshastaafu tangu 1991. Mwaka 2010 yeye na Friedman wakapewa pamoja tuzo ya Lasker, tuzo kubwa ya utafiti wa tiba kule Marekani, akafariki 2014.

Kwetu kuna kisukari pande zote, bibi, mama, shangazi wawili. Mi nina miaka 31 sina kitu bado. Niseme tu nasubiri zamu yangu? – Dada wa Tanga

Dada yangu, hapana, na nitakujibu kwa haohao panya. Jeni ya db ilitokea kwenye ukoo mmoja wa panya, Coleman na wenzake wakaihamishia kwenye ukoo wa pili kwa kuwazalisha. Ukoo wa kwanza, seli za kongosho zinazotengeneza insulini (homoni ya kushusha sukari) zikachoka na kufa, sukari ikapanda sana, panya wakakonda mwishoni na kufa mapema. Ukoo wa pili, unaitwa Black 6, wale weusi unaowaona kwenye picha za maabara nyingi, kongosho likaongeza seli, insulini ikamwagika nyingi, panya akabaki mnene ila sukari yake haikufika kule. Jeni mbovu ni ileile! Wakajaribu na ob wakaona hivyohivyo. Yani jeni moja haifanyi kazi peke yake, inategemea imezungukwa na jeni gani zingine, na hao ni panya wa banda moja chakula kimoja, sembuse wewe na shangazi zako mnaokula, kulala na kutembea tofauti.

Kwaiyo hatari yako iko juu kuliko mtu asiye na historia hiyo, sikufichi, lakini hatari sio zamu. Kapime sukari asubuhi kabla ya kula, ikifika 7.0 (kwa kipimo cha mmol/L) na ikarudiwa ikawa hivyo ndo kisukari, chini ya hapo kuna eneo la tahadhari ambalo bado unaweza kulirudisha nyuma kwa kupunguza uzito kama umezidi na kutembea kila siku. Rudia kupima kila mwaka. Na kama unapanga kubeba mimba, waambie kliniki mapema kuhusu mama na bibi.

Hiyo leptini inauzwa wapi? Mi nina kilo 118 na kisukari, nimechoka na dawa. – Kaka, Dar

Kaka pole, nakuelewa, ila haitakusaidia. Mwaka 1997 madaktari wa Cambridge, Uingereza, walitoa taarifa ya watoto wawili wa ukoo mmoja waliozaliwa bila leptini kama panya wa ob, binti wa miaka 8 alikuwa na kilo 86. Alipoanzishiwa sindano za leptini njaa ikatulia na ndani ya mwaka akapungua kilo zaidi ya 16. Ilikuwa ajabu kubwa. Lakini watu kama hao ni wachache mno duniani. Watu wanene wengi leptini wanayo, tena nyingi, ubongo ndo hauisikii vizuri, ukiwaongezea ni kama hujafanya kitu. Dawa zako usiziache, rudi kwa daktari umwambie wazi umechoka na nini, madhara, bei au wingi wa vidonge, kila kimoja kina njia yake. Na anayekwambia unene wako ni uzembe tu, mpe hii kurasa asome.

Mwanangu ana miaka 9, kagundulika na kisukari cha aina ya kwanza. Majirani wanasema nimemlisha sana soda na pipi. Nalia kila siku. – Mama, Mombasa

Mama, usilie kwa hilo, majirani hawajui. Aina ya kwanza ni kinga ya mwili kugeuka na kuua seli za insulini, soda haihusiki hapo. Nayo ina panya wake, wanaitwa NOD, taarifa yao ilitoka Japani 1980, walitokea kwenye panya waliokuwa wanazalishwa kwa utafiti wa mtoto wa jicho. Hawa sio wanene, wanakula chakula kilekile cha wenzao, na wanaugua. Majike wanaugua zaidi ya madume, na cha kushangaza, mabanda yakiwa safi sana bila vijidudu ndo wanaugua wengi zaidi, kwaiyo na hapa jeni haziko peke yake.

Kazi yako sasa ni insulini, isikosekane hata siku moja, hata akiwa na homa na hali chakula vizuri usikate mwenyewe, piga simu kliniki wakupangie dozi. Mwalimu wake wa darasa ajue dalili za sukari kushuka, jasho, kutetemeka, kuongea visivyoeleweka, na kwenye begi la shule awe na glukosi au juisi muda wote. Ndio mama, hata soda, akishuka sukari ndo dawa yake ya dakika ile.