Maswali Yenu: Altrasaundi Kwenye Upasuaji wa Ubongo

Mume wangu ana uvimbe kwenye ubongo. Ameshapigwa MRI, na sasa daktari anasema siku ya upasuaji watatumia altrasaundi pia. Hiyo si ya wajawazito? (Mama wa Kisauni)

Pole sana, mama. Altrasaundi ni mawimbi ya sauti ambayo sikio letu haliyasikii. Yanatumwa mwilini, yanarudi kama mwangwi, na mashine inachora picha kwa mwangwi huo. Wajawazito ndio tuliozoea kuwaona nayo, lakini kazi zake ni nyingi.

MRI ya mumeo, yaani picha ya ndani ya kichwa inayopigwa kwa sumaku, ilipigwa fuvu likiwa limefungwa. Fuvu likishafunguliwa na utando wa ubongo kukatwa, maji yanayouzunguka ubongo hutoka, nao hushuka. Kila kipande cha uvimbe kinachotolewa huusogeza tena. Msogeo huo huweza kupita sentimita 1, na ndani ya kichwa sentimita 1 ni mbali: huenda ndiyo inayotenganisha uvimbe na sehemu inayomwezesha mtu kusema. Nahodha anayeingia bandari ya Kilindini ana ramani, na bado anapima kina cha maji anakopita. Vivyo hivyo daktari anaweka kifaa cha altrasaundi, kikiwa ndani ya mfuko safi usio na vijidudu, juu ya ubongo wenyewe. Papo hapo anaona uvimbe uko wapi, umebaki kiasi gani na mishipa ya damu imepita wapi. Atarudia kila akihitaji, mgonjwa akiwa palepale mezani.

Ina udhaifu wake. Damu na viputo vya hewa huichafua picha, ndiyo maana shimo lililobaki hujazwa maji ya chumvi kabla ya kuangalia. Pia yataka jicho lililozoea. Muulize daktari ameitumia mara ngapi. Kuuliza hivyo si utovu wa adabu, ni haki yenu.

Kwa nini wasiangalie kwa nje tu, bila kufungua fuvu? (Kijana wa Likoni)

Mfupa, ndugu yangu. Fuvu la mtu mzima hunyonya na kutawanya mawimbi hayo. Daktari Karl Dussik wa Austria alijaribu kupitisha sauti kichwani na kuchapisha kazi yake mwaka 1942. Baadaye ikabainika kwamba sehemu kubwa ya alichodhani ni ubongo ilitokana na fuvu lenyewe.

Je, ina mionzi? (Msomaji wa Changamwe)

Haina. Mionzi iko kwenye eksirei na CT, ile mashine inayopiga eksirei nyingi kuuzunguka mwili.

Mjukuu wangu ana miezi mitatu, kichwa chakua upesi na utosi umevimba. Majirani waniambia nisubiri. (Bibi wa Majengo)

Shikamoo bibi. Usisubiri, tafadhali. Huenda maji yanajaa kichwani, na yakikaa yanaukandamiza ubongo. Kwa mtoto huyo fuvu halizuii kitu, maana utosi haujafunga: altrasaundi huwekwa juu yake, bila sindano, bila kumlaza usingizi, na vyumba vya maji ndani ya ubongo huonekana. Ikibidi apasuliwe, altrasaundi hiyohiyo yaweza kumwongoza daktari anapoingiza mrija wa kuyapeleka maji tumboni.

Mpeleke hospitali kesho asubuhi, na uchukue kadi yake ya kliniki ili waone vipimo vya kichwa vya nyuma. Akianza kutapika, kulala kupita kiasi, kupata degedege, au macho yakielekea chini tu, usingoje kuche. Nenda naye usiku huohuo.