Maswali na Majibu: Kipato cha Kaya Kimepanda, au Ni Bei Tu?

Tunaambiwa wastani wa mapato ya kaunti yetu ya Kitui si mbaya. Mbona sisi hatuyaoni hayo mapato? (Msomaji, Mutomo)

Wastani humfuata mwenye nacho. Chukua kaya tano za mfano, kila moja na kipato chake cha mwezi: shilingi 4,000, 6,000, 7,000, 9,000 na 150,000. Huyo wa mwisho ana malori mawili ya mchanga. Jumlisha, gawa kwa tano, unapata 35,200, kiasi ambacho hakuna hata mmoja wao anayekipata. Sasa zipange kaya hizo kutoka ya chini hadi ya juu, kisha uangalie iliyo katikati: 7,000. Hiyo ndiyo mediani. Tajiri akinunua lori la tatu, wastani utaruka, lakini mediani itabaki palepale.

Karani wa utafiti alikuja kwangu akaniuliza maswali ya chakula tu: unga kiasi gani, sukari kiasi gani, siku saba zilizopita. Mapato yangu atayajuaje? (Mama wa watoto wanne, Kyuso)

Mama, karani hakukosea. Shirika la Takwimu la Kenya, KNBS, linapopima hali ya kaya hutegemea zaidi matumizi kuliko mapato, na kwa kijijini naona ni sawa.

Niliwahi kufanya kazi hiyo ya ukarani. Nilimuuliza mama mmoja kipato chake cha mwezi, akanijibu bila kusita, "Sina." Wakati huo alikuwa ameketi juu ya gunia la ndengu. Tulipoendelea kuongea ikajulikana kwamba juzi aliuza jogoo, mwanawe wa Mombasa alimtumia 1,500 kwa M-Pesa, na mahindi waliyokuwa wakipika yalitoka shambani kwao, gorogoro moja kila siku. Hakuwa akinidanganya. Kwake kipato ni mshahara, na mshahara hana. Ndiyo maana mahindi ya shambani nayo hutiwa bei na kuhesabiwa. Ukiyaacha, nusu ya maisha ya kaya ile inapotea kwenye karatasi.

Tena msimu una mambo yake. Kaya hiyohiyo ukiitembelea baada ya mavuno ya mvua za Oktoba hadi Desemba, kisha uirudie wakati ghala ni tupu, utadhani ni watu wawili tofauti. Kwa hiyo utafiti mkubwa wa bajeti za kaya wa 2015/16 uliendeshwa miezi 12 mfululizo.

Mwaka 2006 nyumba yangu ilipata 10,000 kwa mwezi. Mwaka 2016 tukafika 18,000. Si nimepiga hatua? (Fundi, Mutito)

Pole, fundi, ulirudi nyuma. Katika utafiti kama huo wa 2005/06, mstari wa umaskini kijijini, yaani kiasi ambacho aliye chini yake huhesabiwa maskini, ulikuwa shilingi 1,562 kwa mtu mzima kwa mwezi. Miaka kumi baadaye ulikuwa 3,252, zaidi ya maradufu. Mstari huo si kipimo kamili cha bei, lakini umejengwa juu ya kapu la mahitaji ya mwananchi wa kijijini, na kwa hesabu ya haraka naupenda kuliko bei za Nairobi. Kwa kipimo hicho ulihitaji kama 20,800 ili ubaki pale ulipokuwa.

Takwimu za zamani zina Mwingi peke yake na Kitui peke yake. Nikitaka za kaunti, nichukue mediani mbili nigawe kwa mbili? (Mwanafunzi wa chuo)

Usithubutu! Utafiti wa 2005/06 ulifuata wilaya, na Mwingi na Kitui zilikuwa wilaya mbili, maana kaunti 47 zilikuja na katiba ya 2010. Wastani mbili unaweza kuziunganisha ukijua idadi ya kaya za kila upande. Mediani haziunganiki hivyo, kwa sababu kila moja ni kaya ya katikati ya foleni yake. Itakubidi urudi kwenye data ghafi, uzipange kaya zote katika foleni moja, kila moja na uzito wake (idadi ya kaya inazowakilisha), ndipo utafute ya katikati upya.

Mwanangu yuko Nairobi na ana nyumba yake huko. Ni wa kaya yangu? (Mzee, Zombe)

La, mzee. Kaya ni wanaokula chungu kimoja chini ya mkuu mmoja. Anachokutumia ndicho kinachohesabiwa kwako. Tena walio ndani ya kaya hawahesabiwi sawa: mtoto wa chini ya miaka mitano huhesabiwa 0.24 ya mtu mzima, na wa miaka 5 hadi 14 ni 0.65, hivyo kaya mbili zenye kipato sawa huenda zisiwe na hali sawa.

Kipato cha kaunti yetu kimepita cha kaunti jirani kwa shilingi 300. Tusherehekee?

Utafiti wa 2015/16 ulilenga kaya 24,000 nchi nzima, kama 510 kwa kila kaunti ukigawanya sawasawa. Tofauti ya shilingi 300 kwa sampuli kama hiyo yaweza kuwa ni bahati ya kaya zilizochaguliwa. Tazama kwanza kama tafiti zilizofuata zinaonyesha hivyohivyo.