ULIZA FUNDI: Katiba ya kikundi imeongezeka ukurasa njiani

SWALI: Habari fundi. Mimi ni katibu wa kikundi cha wafugaji ng'ombe wa maziwa huku Kibosho. Nimetaipu katiba yetu kwenye laptop ya mwanangu, kurasa sita safi kabisa, saini zote zimekaa chini ya ukurasa wa sita. Nikashuka Moshi mjini na flashi, steshenari moja karibu na stendi, ikatoka kurasa saba, saini zimebaki peke yake kule nyuma kama zimefukuzwa, halafu kwenye kichwa cha habari kile kialama cha juu kwenye neno ng'ombe (') kina sura yake tofauti na wenzake. Dada wa pale anasema faili langu bovu. Kweli? Na nimeshalipia nakala kumi na mbili!

JIBU: Pole sana mama katibu, faili halina ubovu wowote. Iko hivi, faili la Word kwa kawaida halibebi herufi zenyewe, linabeba maneno na jina la fonti, yaani mtindo wa herufi, basi, likifika kwenye kompyuta nyingine linauliza jamani fulani yupo? hayupo, basi anawekwa kaimu, na kaimu akiwa mnene kidogo tu neno la mwisho la mstari linasukumwa chini, mistari inaongezeka taratibu mpaka saini zinajikuta ukurasa wa saba. Nahisi laptop ya mwanao ina Word mpya, maana hizi za kuanzia 2023 zinafungulia na fonti inaitwa Aptos, na steshenari ikiwa bado na Office ya zamani, enzi za Calibri iliyoanza na Office 2007, hiyo Aptos haiijui hata kwa sura.

Dawa ni kusevu nakala ya PDF kabla hujatoka nyumbani. PDF inabeba na herufi zake humo humo, kwa hiyo kilichopo Kibosho ndicho kitakachotoka mjini. Ile ya Word usiifute, wanachama wakibadilisha ada utaihitaji. Na saini zisikae ukurasa wake peke yake hata siku moja, mtu mjanja anaubandika huo ukurasa nyuma ya maneno mengine kabisa.

Kama unataka karatasi zipungue tumia Times New Roman saizi 12. Hii ilichorwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London, likaanza kuitumia 1932, na gazetini nafasi ni pesa kwahiyo herufi zimebanwa. Arial saizi hiyo hiyo inakula nafasi zaidi, jaribu mwenyewe utaona. Tena hata steshenari inayotumia LibreOffice, programu ya bure kama Word, haikusumbui, kuna fonti ya Liberation Serif ambayo upana wa herufi zake umelinganishwa na Times makusudi, mistari haihami.

Sasa ng'ombe. Nadhani kichwa cha habari mwanao alikiwekea fonti ya mapambo ya kudownload bure. Word ukiandika ile alama inaikunja yenyewe, na fonti nyingi za bure hazina hiyo iliyokunjwa, kompyuta inaazima kutoka fonti nyingine, ndo maana inaonekana mgeni. Ukishaitaipu tu bonyeza Ctrl na Z, inarudi kunyooka. Ila kwa katiba mimi hayo mapambo ningeyatoa kabisa.

SWALI: Mkuu niko Sakina, Arusha, nimetengeneza kadi ya mchango wa harusi ya bro, nimeweka fonti ya mwandiko wa mkono herufi kubwa zote, ni kali balaa ila wazee wanapiga simu kuulizia namba ya kutuma mchango. Nifanyeje?

JIBU: Mdogo wangu, hizo fonti herufi zake kubwa zimechorwa kuanzia neno, ukizipanga zote kubwa zinagombana. Acha majina ya maharusi tu na mwandiko, tena kubwa iwe ya kwanza, mengine yote weka fonti ya kawaida. Namba ya simu usiiandike hata kwa fonti ya Georgia japo ni nzuri, tarakimu zake zinapanda na kushuka, weka Arial au Calibri, boldi, na uache nafasi kila baada ya tarakimu tatu. Halafu kabla hujairusha kwenye group mtumie bibi mmoja asome namba kwa sauti kwenye simu yake mwenyewe, bila kuizumu.