Chensoo imenoki mara mbili, niongeze oili?

SWALI: Kazi yangu ni kukata na kupogoa miti. Chensoo yangu ya cc 60 imenoki mara mbili ndani ya miezi minne. Mara ya kwanza fundi alibadilisha pistoni na ringi, akasema oili ilikuwa kidogo, niache kuchanganya 1:50 nianze 1:25. Akakaza pia skrubu ya kabureta, na kweli mashine ikawa na mlio mkali kuliko zamani. Sasa imekwama tena. Nimefungua silensa nikaona michirizi ya rangi ya fedha kwenye pistoni upande wa moshi. Upande wa kabureta ni safi. Je, nipandishe oili hadi 1:20?

JIBU: Usipandishe. Rudi kwenye 1:50, yaani mililita 20 za oili kwa lita moja ya petroli, au mililita 100 kwa dumu la lita 5. Tumia oili ya tustroki ambayo kopo lake limeandikwa JASO FD au ISO-L-EGD. Kitabu cha mashine kikikutaka utumie 1:25 kwa oili ya daraja la chini, fuata hivyo. Kikisema 1:50, usijiongezee "kwa usalama". Kwa mashine yako suala la oili linaishia hapo, maana michirizi uliyoiona inampinga fundi wako waziwazi.

Mashine iliyojazwa petroli tupu bila oili huchubuka pistoni pande zote, wa moshi na wa kabureta, na kichwa cha pistoni hubaki kikavu, kinang'aa, bila masizi. Vumbi likipenya kwenye chujio bovu, pistoni hulika upande wa kabureta, ikawa ya kijivu iliyofifia, na sketi yake, yaani sehemu ya chini ya pistoni, hukonda. Joto nalo huanzia upande wa moshi, kwa kuwa ndio wenye moto kuliko kwingine: alumini hulainika na kujipaka ukutani mwa silinda, huku upande wa pili ukibaki na mistari ya kiwandani kama ilivyotoka boksini. Wewe umenieleza hiyo ya joto. Upande wa kabureta ni safi kwa sababu oili ilikuwepo ya kutosha. Kilichopungua ni petroli.

Dhana ya kuongeza oili ili kuilinda mashine naikuta karibu kila wiki, na ndiyo inayoua chensoo nzima-nzima. Kabureta haijui umechanganya nini dumuni. Tundu lake hupitisha kiasi fulani cha kimiminika, basi, na kila tone la oili ulilozidisha limekaa mahali pa tone la petroli. Kutoka 1:50 hadi 1:25 petroli inapungua kwa takriban asilimia 2. Ni kidogo, na peke yake haiui mashine iliyosetiwa vizuri. Lakini mashine yako tayari ilikuwa inapata hewa nyingi kuliko petroli, na wewe ukaisukuma upande uleule. Petroli inayoingia haiji kuwaka tu, hupoza pia. Ikipungua, joto linapanda, pistoni inatanuka kuliko silinda, nafasi kati yao inaisha.

Oili iliyozidi haipotei pia. Inageuka kaboni kwenye mlango wa moshi, kwenye mifereji ya ringi na kwenye wavu mdogo wa kuzuia cheche ndani ya silensa. Wavu ukiziba, mashine inakosa nguvu, fundi anasema kabureta. Ringi ikigandia kwenye mfereji wake, moto unapita pembeni ya pistoni. Kipande cha kaboni kikimeguka mlangoni kikaangukia kati ya pistoni na ukuta, unapata michirizi upande wa moshi, ileile unayojaribu kuikimbia.

Sasa sababu. Skrubu ya H, ile ya kabureta inayopima petroli ya kasi ya juu, ndiyo ya kwanza. Kuizungusha kulia ni kubana petroli kwenye kasi ya juu. Mashine inapaza sauti, inanyanyuka haraka, mteja anafurahi na fundi analipwa. Chensoo nyingi za kazi za ukubwa huo kikomo chake bila mzigo ni kati ya mizunguko 12,500 na 14,000 kwa dakika, na namba kamili iko kitabuni. Ule mlio mkali uliousifia ulikuwa wa mashine inayopita kikomo ikiwa na njaa.

Ila hiyo ilikuja baada ya kunoki mara ya kwanza. Kitu gani kiliiua kabla ya skrubu kuguswa? Hakuna aliyeuliza. Pistoni mpya iliwekwa juu ya ugonjwa uleule. Nadhani kuna mahali inavuta hewa, na dalili zake huenda umeziona ukazizoea: ukiachia gesi mlio unachelewa kushuka, sailensi, yaani mwendo wa mashine bila gesi, inapanda na kushuka yenyewe, au ukiilaza mashine ubavu mlio unabadilika. Hewa huingilia kwenye mpira unaounganisha kabureta na silinda ukipata ufa, kwenye mpira mwembamba wa mapigo, unaopeleka mapigo ya injini kuendesha pampu ya kabureta, kwenye gasketi ya silinda, au kwenye sili mbili za kranki, moja nyuma ya flaiwili na nyingine nyuma ya klachi. Ya upande wa klachi ndiyo huchakaa upesi, kwa vile inaishi kwenye joto na unga wa mbao.

Hayo hayatafutwi kwa kukisia. Toa silensa, weka kipande cha mpira mgumu kwenye mlango wa moshi kisha uirudishe na kuikaza. Ziba mlango wa kabureta kwa kibati chenye nipo, yaani kijibomba cha kuchomekea mpira wa pampu, funga pampu ya mkono yenye geji. Jaza upepo hadi nusu ya bar, subiri nusu dakika. Sindano ikishuka, paka povu la sabuni kila kiungo, palipovuja patatoa mapovu. Usiridhike hapo, geuza pampu ivute nusu ya bar. Sili ya kranki ina mdomo unaotazama ndani: upepo ukisukuma kutoka ndani unaubana vizuri, lakini ukivuta, mdomo uliochoka unaachia. Ndiyo maana sili mbovu hufaulu jaribio la kwanza na kufeli la pili, na fundi aliyefanya jaribio moja anakurudishia mashine akiapa ni nzima.

Petroli kukosa njia nako huleta madhara yaleyale. Filta iliyo mwisho wa mpira ndani ya tangi haioshwi, inabadilishwa. Mpira wenyewe uvute kwa vidole, ukikunjika na kuonyesha nyufa, tupa. Kipumulio cha tangi kikiziba, mashine inafanya kazi dakika kumi kisha inalegea, na ukifungua kifuniko unasikia upepo ukiingia. Ndani ya kabureta kuna utando mwembamba unaopaswa kuwa laini kama mpira wa glavu. Petroli iliyolala humo miezi inaukausha hadi unatoa mlio ukiubonyeza, na utando mkavu haupampu kitu.

Kuhusu silinda yako, pitisha ukucha ukutani. Kama ni alumini tu iliyojipaka juu, inaweza kuondolewa na silinda ikatumika tena. Kama ukucha unanasa kwenye mfereji, au unaona rangi tofauti pale ngozi ngumu iliyopakwa ukutani ilipotoka, nunua silinda na pistoni kwa pamoja. Mtu asikwambie ataipeleka kuchongwa ili aweke pistoni kubwa. Hiyo ni kazi ya injini ambazo silinda yake ina bomba la chuma ndani. Silinda ya chensoo ya kazi ni alumini iliyopakwa ngozi ngumu ya kromu au nikeli, unene wake ni sehemu za mia za milimita. Ukiichonga, au ukaisugua kwa msasa mkavu "kuifungua ringi", umeondoa kitu pekee kilichokuwa kinazuia alumini isisagane na alumini. Itawaka, itakata siku mbili tatu, itarudi.

Ukishaziba uvujaji, seti kabureta, na iwe kwa mpangilio huo. Kusetia mashine inayovuta hewa ni kuficha tatizo. Chujio la hewa liwe safi, baa na cheni viwe vimefungwa, cheni imenolewa, injini imepata moto. Anza na L, skrubu ya petroli ya kasi ya chini, kisha skrubu ya sailensi, mwisho H, kwa mita ya kuhesabu mizunguko. Huna mita, sikiliza: gesi yote bila kukata, kwa sekunde mbili tatu tu, mlio unapaswa kugugumia, kukatikakatika. Izamishe kwenye gogo, mlio unanyooka. Itoe, inagugumia tena. Ikilia laini kama mbu hewani, fungua H kushoto kidogo kidogo hadi igugumie. Chensoo zenye kabureta inayojiseti kwa umeme, kama zile za M-Tronic au AutoTune, hazina skrubu hizo, na anayezitafuta kwa bisibisi umnyang'anye mashine.

Mahali pia pana neno. Mlimani hewa ni nyepesi, kwa hiyo watu hubana H. Wakishuka tambarare, hewa inakuwa nzito, petroli ni ileile waliyoibana, na mashine inakufa siku ya kwanza ya kazi.

Nawe jiangalie mkono. Cheni butu hutoa unga badala ya vipande, mkataji analalia mashine, injini inabeba mzigo mzito kwa gesi yote dakika nyingi mfululizo. Baa ndefu iliyozikwa yote kwenye kisiki kwa mashine ya cc 60 hufanya vivyo hivyo. Safisha mapezi ya silinda chini ya kifuniko, maana unga uliochanganyika na oili ya cheni huganda hapo kama tope. Baada ya mkato mzito usizime ghafla. Iache isailensi nusu dakika, feni ipoze silinda.

Oili za njia ya mkato sitaki kuzisikia: oili ya injini ya gari, oili ya boti iliyoandikwa TC-W3, ambayo imetengenezwa kwa injini zinazopozwa kwa maji, na oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini nyingine. Hiyo ya mwisho ina unga wa chuma ndani yake, na watu wanaipeleka moja kwa moja kwenye beringi za kranki.

Hasara ya pistoni ni fedha. Mashine inayovuta hewa ina jambo baya zaidi: ukiachia gesi haishuki, klachi haiachii, cheni inaendelea kuzunguka. Chini ni kero. Juu ya mti, aliyening'inia anaishusha ubavuni kwa mkono mmoja ili ashike tawi, na kamba inayombeba iko upana wa kiganja kutoka kwenye meno. Au inakufa katikati ya mkato wa nyuma, ule wa mwisho wa kuangusha, mti umebaki umesimama nusu, hakuna anayejua utalalia wapi. Kabla haijapanda, washa, ipe moto, achia gesi, iweke sailensi sekunde kumi wima, kisha kila ubavu. Cheni isisogee hata jino moja. Ikisogea, punguza sailensi. Ukipunguza ikazima, au mlio ukabadilika ulipoilaza, kuna uvujaji, na mashine hiyo ibaki chini hadi pampu ionyeshe ni wapi.