Kaa aliyebaki baada ya mwenzake kufa
Dada, umeuliza kama kaa wako wa kubeba makombe aliyebaki atakufa kwa upweke baada ya mwenzake kufa. Upweke hautamuua. Cha kuogopa ni uozo wa mwenzake. Ila huyo unayedhani kafa, mnuse kwanza kabla hujamtoa. Kaa hawa hujivua gamba, yaani ngozi ngumu ya mwili, si kombe, na gamba lililovuliwa hufanana sana na maiti. Likiwa jepesi, tupu, halina harufu, mwenyewe yu hai, pengine kajichimbia mchangani. Usimfukue, hata zikipita wiki. Akinuka kama samaki aliyeoza, mtoe leo hii pamoja na mchanga uliomzunguka. Kombe lake lichemshe, lipoe, mrudishie mwenzake; aweza kuhamia humo. Nimewafuga hapa Nyali, Mombasa: joto letu lawatosha, unyevu ndio wa kuchunga, maana matamvua, viungo vyake vya kupumulia, yakikauka hawezi kupumua.