Maswali ya Wasomaji: Programu ya Windows inazimika kimya kwenye Mac

SWALI: Nina MacBook Air ya M1. Nimesakinisha programu ya Windows ya hesabu za duka kwa kutumia Wine (inayoendesha programu za Windows bila Windows yenyewe). Usakinishaji ulikwisha salama, lakini nikiifungua, ikoni inaruka mara moja kisha kimya. Hakuna ujumbe wowote. Nimeisakinisha upya mara tatu. Nifanyeje? – *Msomaji, Arusha*

JIBU: Pole. Usiisakinishe tena. Programu inakufa kabla ya kuchora dirisha lake, na Wine huwa imeshaandika sababu, ila mahali usipopaona. Fungua Terminal (dirisha la Mac la kuandikia amri), ingia kwa amri ya cd kwenye folda yenye faili la programu, kisha andika (weka jina halisi la faili lako):

wine hesabu.exe 2> ~/Desktop/logi.txt

Katika faili la logi.txt, litakalotokea kwenye Desktop, tafuta neno import_dll. Mistari ya fixme ipuuze, hata ikiwa mia. Hata programu zisizo na tatizo huitoa. Ukikuta MFC140U.dll (DLL ni faili la msaada ambalo programu huliazima) ikifuatiwa na not found, umemshika mchawi. Wine ina matoleo yake yenyewe ya mafaili mengi ya Windows, hata vcruntime140, lakini familia ya MFC, yaani mafaili ya Microsoft ya kuchorea madirisha, haimo. Kwenye kompyuta ya Windows huenda faili hilo liliingia zamani pamoja na programu nyingine, ndiyo maana huko tatizo hili huwa halionekani.

Dawa yake ni kifurushi chenye mafaili hayo, Visual C++ Redistributable (cha 2015 na kuendelea), kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe. Hapa wengi hukosea: wanachukua cha x64 (cha programu za biti 64) kwa kuwa Mac yao ni ya biti 64. Kinachoangaliwa ni programu, si kompyuta. Programu nyingi za hesabu za zamani ni za biti 32, nazo zinataka x86 (cha biti 32). Sakinisha vyote viwili, havigombani:

wine vc_redist.x86.exe
wine vc_redist.x64.exe

Wine yenyewe iwe toleo la 9.0 au jipya zaidi, linaloweza kuendesha programu za biti 32 bila msaada wa macOS, kwa sababu macOS iliacha kuendesha programu za biti 32 tangu Catalina, mwaka 2019. Na tafadhali usipakue faili moja la DLL kutoka tovuti usiyoijua. Mara nyingi toleo halilingani, na virusi hupita njia hiyo hiyo.

Jambo moja zito: ukishauriwa ufute folda ya ~/.wine ili uanze upya, kwanza nakili folda ya data ya duka lako mahali pengine. Diski C ya programu hiyo imo ndani ya ~/.wine, pamoja na mahesabu yote.

SWALI: Programu yangu inafunguka, lakini haioni ufunguo wa leseni wa USB. – *Msomaji, Mombasa*

JIBU: Kwa Wine, ufunguo unaohitaji draiva yake (programu inayoiwezesha kompyuta kukitumia kifaa) hautaonekana. Draiva ya namna hiyo hufanya kazi ndani ya kiini (kernel) cha Windows, na Wine haina kiini hicho. Inatafsiri tu maombi ya programu. Kuweka Windows 11 ya ARM (aina ya prosesa iliyomo kwenye Mac za M1) kwenye mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya Mac, nako hakusaidii draiva ya zamani: Windows hiyo huiga programu za Intel, lakini draiva lazima iwe imetengenezwa kwa ARM64. Mwombe aliyekuuzia akubadilishie leseni iwe ya namba au ya mtandao. Akikataa, itafute kompyuta ya Windows yenye prosesa ya Intel au AMD, hata iliyotumika.

SWALI: Herufi zinatokea kama vibox vitupu. – *Msomaji, Dodoma*

JIBU: Fonti hazipo. Sakinisha winetricks (msaidizi wa Wine wa kuongeza vipande vilivyokosekana), kisha andika kwenye Terminal: winetricks corefonts. Funga programu, uifungue tena.