Acha kwanza miti, fungua daftari la fundi wa majokofu

Kuna msomaji kaniandikia wiki iliyopita. Kiwanda chao kinauza mboga nje, na mnunuzi wa Ulaya ametuma fomu akitaka kujua wanazalisha hewa ukaa kiasi gani. Bosi wake kamjibu: "Tafuta shamba tupande miti, tuwatumie picha." Sasa kijana ananiuliza miti mingapi itatosha.

Mdogo wangu, miti iache kwanza.

Hapa kwetu ukitaja hewa ukaa mtu anawaza fedha. Tumesikia habari za vijiji vya Wilaya ya Tanganyika, kule Katavi, vinavyolipwa kwa kutunza misitu, na ni habari njema kweli. Ila mwenye kiwanda yuko upande wa pili wa meza. Kwake kaboni ni gharama. Umoja wa Ulaya ulianza Oktoba 2023 kudai taarifa za kaboni ya saruji, chuma, alumini na mbolea zinazoingia huko, na kwa mizigo ya kuanzia Januari 2026 muagizaji anawajibika kulipia. Mboga na samaki hawamo kwenye orodha hiyo, lakini maduka makubwa ya Ulaya yanahesabu hata kaboni ya viwanda vinavyoyauzia bidhaa. Moshi wako unaingia kwenye vitabu vyao, na namba yako ikiwa mbaya, au usipokuwa nayo kabisa, wanatafuta mwingine.

Mimi nilikuwa mhasibu kwenye kiwanda cha minofu ya sangara, Mwanza. Fomu ya namna hiyo ilipotufikia, kila mtu alitazama bomba la moshi la jenereta, maana ndilo linaloonekana. Mimi nilikwenda karakana. Fundi wetu mkuu, mzee mtaratibu sana, alikuwa na daftari la jalada gumu lililojaa alama za vidole vya grisi. Kila ukurasa ulikuwa na maneno yaleyale: "gesi imepungua, tumejaza." Nyuma ya karakana mitungi mitupu ya R-404A, gesi ya kupozea majokofu, ilikuwa imepangwa ukutani.

Gesi ile haipungui yenyewe, inavuja. Kilo 1 ya R-404A ikitoka hewani inalipasha joto anga sawa na kilo 3,900 hivi za hewa ukaa. Lita 1 ya dizeli ikiungua inatoa kama kilo 2.7. Piga hesabu: kilo 10 za gesi zilizovuja kimyakimya ni sawa na kuchoma zaidi ya lita 14,000 za dizeli. Mzee alipaka povu la sabuni kwenye maungio ya mabomba ya chumba cha baridi, na mapovu yakaanza kufura mbele ya macho yetu.

Nilipopeleka hesabu kwenye kikao niliambiwa nirudi kwenye vitabu vyangu vya mishahara. Maungio yalikuja kukazwa baadaye, manunuzi ya gesi yakashuka, fomu ikajibiwa, mkataba ukasainiwa upya. Siku ya kupongezana alitajwa mshauri kutoka nje aliyezipanga namba zangu kwenye jedwali la rangi. Jina la mzee halikutajwa, wala langu. Inaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo nawaambia nyote mnaotaka kukuza biashara zenu: hatari hii inaanzia stoo. Na gesi hizi zitazidi kuadimika, kwa sababu makubaliano ya Kigali ya 2016, ya kupunguza gesi za majokofu zinazopasha dunia joto, yanazibana nchi kwa nchi. Anayevujisha leo kesho atajaza kwa bei kali zaidi. Msikimbilie kununua hati za kaboni za bei rahisi, yaani kumlipa mtu mwingine atunze misitu ili ihesabiwe kufidia moshi wenu, ili mnunuzi anyamaze. Mradi wa kutunza misitu wa Kariba, Zimbabwe, ulikuwa miongoni mwa miradi mikubwa ya hati hizo duniani. Oktoba 2023 kampuni ya Uswisi iliyokuwa ikiuza hati zake, South Pole, ilijitoa baada ya hesabu za mradi huo kutiliwa shaka, na walionunua wakabaki wanajieleza kwa wateja wao.

Wewe kijana, chukua daftari la gesi, stakabadhi za dizeli na bili za umeme za mwaka mzima. Mzigo ukienda kwa ndege, muulize mnunuzi kama usafiri huo ameshauhesabu kwake, usije ukahesabiwa mara mbili. Jaza fomu kwa namba hizo hata kama ni kubwa, andika na uvujaji mtakaoziba na lini. Ukikwama kwenye kujumlisha, nitumie picha za kurasa za daftari tuzipitie pamoja.